Jungu Lisilotaka Mwiko

Ukitaka kumjua Masoud bin Himyar, mtazame akiwa kwenye foleni. Foleni yoyote ile, ya benki, ya dirisha la dawa, ya tende zinapogawiwa msikitini. Mkono wake wa kulia hautulii. Unazunguka polepole mbele ya tumbo, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu. Wasiomjua husogea kando. Sisi wa Makorora tunajua kwamba anakoroga halua. Halua yenyewe haipo, lakini hilo halijawahi kumzuia.

Mimi ni Mwamvua, jirani yake wa ukuta mmoja kwa miaka ishirini na sita, na nitasema yote, hata yale ambayo mkewe Sabra aliniomba niyameze. Masoud amekoroga halua tangu akiwa na miaka kumi na moja, katika sufuria la shaba la marehemu baba yake, ambalo mtu mzima anaweza kukaa ndani akaoga. Kuanzia Usagara mpaka Moa, watu hawaiti harusi harusi kama halua yake haikuwepo. Mkesha wa Iddi huanza kukoroga adhuhuri na kumaliza wakati watoto wa mtaa mzima wameshalala. Bega lake la kulia limekuwa kubwa kuliko la kushoto. Sadalla, fundi anayemshonea kanzu, humpima kila bega peke yake kana kwamba anashonea watu wawili, na bado shingo hutoka upande.

Sheria ya halua humsomea kila mtu, aulizwe asiulizwe. Mwiko hausimami. Ukienda kuswali, mwenzako aushike kabla hujauachia. Halua haiachwi peke yake hata dakika moja.

"Kitu ambacho hakikukorogwa," husema, "hakikupikwa. Kimepata joto tu."

Baada ya Iddi Ndogo ya mwaka huu bega likagoma. Akiswali, akitaka kupiga takbiri, mkono wa kushoto ulifika sikioni na wa kulia ukabaki kifuani. Sabra akamburuta hospitali. Daktari, binti mwenye sauti ya upole, akamwonyesha picha, akamwambia mshipa wa bega umechanika nusu. Akilikoroga sufuria lile mara moja tu tena, nusu iliyobaki itakatika na mkono hautapanda tena, hata wa kujilisha.

"Nikikoroga taratibu je?" Masoud akauliza.

Daktari akamtazama Sabra. Sabra akatazama dari.

Iddi Kubwa ilikuwa wiki mbili na nusu mbele, na kaya sitini zilikuwa zimeshaagiza halua. Alikuwepo mtu wa kuipika. Yazid, mtoto wa dada yake Masoud, ni mtu mzima wa miaka arobaini mwenye makazi yake Usagara, na amemsaidia mjomba wake miaka kumi na minne. Amemsaidia kuchochea kuni. Mwiko ameushika wakati wa swala tu, na Masoud ana sifa ya kuswali haraka mno siku za halua. Kila Sabra alipolitaja jina la Yazid, mumewe alikuwa ghafla hasikii vizuri.

Hapo ndipo lilipofika jungu. Bayan, binti yao anayefundisha shule huko Maskati, alilituma kwa mtu aliyekuwa anakuja Tanga. Lilikuwa jungu la umeme la kupikia polepole, tumbo lake la udongo unaong'aa, kifuniko cha kioo, na swichi moja ya kuzungusha. Pamoja nalo akatuma maelezo ya sauti kwenye simu, na Sabra akayafungulia ukumbini mbele yetu.

"Shikamoo mama, shikamoo baba. Mnamenya matufaha, mnayakatakata, mnatia sukari, mdalasini, karafuu, kungumanga na chumvi kidogo. Mnafunika, mnawasha moto wa chini, mnaondoka. Muda wa saa kumi. Msikoroge, baba unanisikia? Wala msifunue, maana kila mkifunua mvuke unatoka na mnapoteza nusu saa. Inatoka nyeusi, laini, ya kupaka kwenye mkate. Huku wanaiita siagi ya matufaha."

Masoud alisubiri mpaka sauti ikaisha.

"Mnaondoka kwenda wapi?" akauliza.

"Popote," Sabra akasema.

"Maziwa hamna humo?"

"Hamna."

"Moto?"

"Hauonekani."

"Mwiko?"

"Hautakiwi."

"Basi hicho si chakula, Mama Bayan. Hiyo ni imani, na mimi imani ninayo tayari."

Sabra hakukasirika. Alikunja ncha ya ushungi wake, akamwambia taratibu kwamba wawekeane sharti. Jungu litapikwa siku nzima bila kukorogwa. Jioni Masoud ataonja. Akisema ni nzuri, mwiko unakwenda kwa Yazid kabla ya Iddi Kubwa na haurudi. Akisema mbaya, atakoroga halua ya Iddi kama kawaida, mkono ukatike usikatike, na yeye Sabra hatatamka neno.

"Na muonjaji ni mimi?"

"Ni wewe."

Masoud alikubali haraka kiasi kwamba nilimwonea aibu. Nilimvuta Sabra jikoni nikamuuliza kama amerukwa na akili, anampa mwizi ukadhi. Akanijibu kwamba Masoud hudanganya umri wake, hudanganya kama amemeza dawa ya presha, hudanganya kuhusu mpira, lakini kuhusu utamu wa chakula hajawahi. Ni kweli. Aliwahi kuimwaga halua nzima saa moja kabla ya nikaha, Duga kule, kwa sababu zafarani ilimnukia kabati. Bibi harusi alilia. Masoud alilia pia, lakini aliimwaga.

Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, tulianza. Sabra alikuwa amenunua debe la matufaha ya Lushoto, yale madogo yenye madoa, machachu ya kukunja uso, mazuri kwa kupikia. Tukayamenya, tukatoa kokwa, tukayakata vipande vyembamba. Tukavipanga junguni mpaka juu, tukatia sukari ya kutosha na viungo vyote, karafuu tumeitwanga wenyewe. Saa kumi na mbili na nusu Sabra akazungusha swichi. Hakikutokea kitu. Jungu halikulia, halikutoa moshi, lilikaa tu mezani kama mgeni aliyenuna.

Sasa tungeondoka, kama alivyosema Bayan. Hakuondoka mtu. Nieleweke hapa, maana nimejaribu kumweleza Bayan akashindwa kuelewa. Miaka yote hiyo ya kusikia kwamba halua haiachwi peke yake ilikuwa imetuingia mtaa mzima. Kuacha chakula motoni bila mtu tuliona ni kama kumwacha mgonjwa. Kwa hiyo tukapanga zamu za kukaa na jungu lisilomhitaji mtu yeyote. Mzee Idarusi, karani mstaafu wa bandari, alikuja na kigoda chake, saa yake ya mkononi na daftari, akaandika majina. Zamu ya kwanza yake, ya pili yangu, ya tatu ya Sabra, na hivyo hivyo mpaka jioni. Hakuna aliyecheka.

Saa mbili akaingia fundi Sadalla. Kwetu mtu hapiti mbele ya chakula cha mwenzake kilichopo jikoni akanyamaza. Unafunua, unachungulia, unasema mashaallah, unafunika. Ukinyamaza, kisha kikaharibika, jicho ni lako. Kioo cha kifuniko kilikuwa kimejaa mvuke, huoni kitu. Sadalla akafunua.

"Mashaallah," akasema, na mvuke wote ukampanda usoni.

"Nusu saa," Mzee Idarusi akasema, akaandika.

Akaja muuza dagaa. Nusu saa. Wakaja wanawake wawili waliokuwa njiani kwenda sokoni, na kila mmoja akafunua kwa nafsi yake, maana mashaallah ya mtu haimtoshi mwenzake. Saa nzima. Akaja msoma mita ya maji. Akaja kijana wa bodaboda aliyekuwa anaulizia nyumba nyingine kabisa. Nilipoona mpaka bodaboda amevua kofia ngumu kwa heshima ili achungulie matufaha, nikatoka nje kutazama wanatoka wapi.

Walikuwa wanatoka kwa Masoud. Alikuwa amekaa barazani, kanzu safi, kofia ya kiua, uso umejaa nuru ya siku ya Ijumaa, na alikuwa hamwachi mtu apite.

"Karibu, karibu ndani! Kaone maajabu ya Maskati! Usiogope, funua tu, umo nyumbani!"

Adhuhuri Mzee Idarusi alifunga hesabu. Alikohoa kwanza.

"Jungu limepika saa sita," akasema. "Limefunuliwa mara kumi na tatu. Tulianza na saa kumi. Sasa zimebaki kumi na nusu."

Nimepika miaka arobaini, na sijapata kuona chakula kinachorudi nyuma.

"Kwa mwendo huu," Mzee Idarusi akaendelea, na alikuwa na uchungu wa kweli, "kesho asubuhi tutakuwa hatujaanza."

Sabra akatoka barazani na kisu cha kumenyea mkononi. "Baba Bayan!"

"Nimekoroga?" Masoud akauliza. "Nimegusa? Nimekaa hapa kama mume mwema, nawakaribisha wageni wako."

Kosa hakuwa nalo kwa sharti walilowekeana, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Kuwafukuza watu hatukuweza, wangesema Sabra ana kitu anachokificha junguni. Kuwaacha wafunue hatukuweza. Nikachukua kigoda nikakiweka katikati ya mlango wa jikoni, nikakaa, na mimi nikikaa mlangoni mlango unaisha.

"Mashaallah zinapokelewa hapa," nikatangaza. "Acheni, nitazifikisha."

Palitokea ubishi. Bi Harusi, ndilo jina lake, mama mzee aliyekuja kutoka Moa kumtembelea mwanawe, alitaka kujua kama mashaallah yake itafika ingali na nguvu au itakuwa imepoa njiani. Nikamwambia kutoka mlangoni mpaka jungu ni hatua nne, na mimi sichechemei. Akaitoa, lakini akaitoa mara mbili kwa tahadhari. Kila zilipofika kumi nilinyanyuka, nikasimama mbele ya jungu na kuzitaja kwa majina ya wenyewe, ya Bi Harusi mbili, ya muuza dagaa aliyerudi, ya mkewe muuza dagaa ambaye alituma kwa simu. Sabra aliitikia, "Zimefika." Kama kuna mtu anacheka, na acheke. Kifuniko hakikufunuliwa tena.

Masoud alikaa barazani peke yake saa nzima, halafu akakumbuka kuwa ana zamu. Jina lake lilikuwamo daftarini, baada ya laasiri. Sabra akataka kulifuta, Mzee Idarusi akakataa, akasema zamu ni zamu.

"Mikono magotini," Sabra akamwambia.

Akakaa. Alikuwa karibu na jungu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ndani ya kioo matufaha yalikuwa yameshavunjika, rojorojo la rangi ya kutu likichemka bubujiko moja moja, na harufu ya karafuu na mdalasini ilijaa nyumba. Masoud akavuta pumzi. Nikaona mkono wa kulia unatoka gotini, polepole, kama haujui kwamba unatazamwa. Ukafika juu ya kifuniko, shubiri moja kutoka kwenye kioo, ukaanza kuzunguka.

"Mzee Idarusi!" nikasema.

Mzee Idarusi akafunua kurasa za daftari mbele na nyuma. "Hewa haikutajwa," akasema.

Masoud alifumba macho. Alikuwa hayupo nasi. Mkono ulizidi kasi, kwa ile kasi ya halua inapoanza kuvuta, wakati mtu anatia bega lote na mgongo. Bega likafuata, na mgongo ukafuata. Kisha akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na mkono ukakwama juu, usawa wa sikio. Haukupanda wala haukushuka. Machozi yakamtoka macho yakiwa bado yamefumbwa.

Wakati huohuo Sadalla alikuwa amerudi kwa mara ya tatu, na alichungulia juu ya kichwa changu. Alichokiona ni mtu mzima ameelekea kibla, mkono juu, analia. Akainua mikono yake miwili.

"Amin," akasema.

"Amin," wakaitikia wanawake waliokuwa nyuma yake, na Bi Harusi akafuta machozi. Niliwafukuza wote kwa maneno ambayo hayaandikiki, na sijawaomba radhi mpaka leo.

Sabra alilowesha taulo kwenye maji moto, akalizungushia bega. Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili na kuuteremsha kidogo kidogo, kama mtu anayeshusha mtungi uliojaa kutoka kichwani. Ilichukua muda mrefu. Mzee Idarusi alitazama ukuta na hakuandika muda huo kwenye daftari.

"Nimeogopa, Mama Bayan," Masoud akasema.

"Mimi nimeogopa tangu Iddi Ndogo," Sabra akasema, akaufunga mkono kifuani kwa kanga yake.

Saa kumi na moja na nusu harufu ikabadilika. Uchachu uliondoka, ikabaki harufu nzito, tamu. Sabra akampigia Bayan simu. Bayan akasema waweke tone kwenye sahani baridi, na kama maji hayajitengi pembeni, imeiva. Mzee Idarusi akapinga. Kwa daftari lake zilikuwa zimebaki saa tano na nusu, na yeye hawezi kutia saini kitu ambacho muda wake haujafika.

"Matufaha hayajasoma daftari lako, mzee wangu," Sabra akamwambia, akafunua.

Ilikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa, inang'aa, na imejaa nusu tu ya jungu. Tone likakaa kwenye sahani bila kusambaa. Hakuna maji yaliyojitenga.

Akaichota kijiko, akageuka kwa mumewe. Mkono wa kushoto hauli, na wa kulia ulikuwa umefungwa, kwa hiyo akamlisha. Masoud akafumba mdomo. Ulimi ukawa unapita huku na huku mashavuni, kama anavyofanya akikagua halua ya watu wengine. Kilichotakiwa kilikuwa neno moja tu, mbaya, na sufuria lingekuwa lake, kaya sitini zingekuwa zake, na mkono ungekatika. Sisi tungejua ni uongo, na tungenyamaza, kwa kuwa sharti ni sharti.

Akaomba kijiko cha pili. Akaomba cha tatu.

"Karafuu imezidi kidogo," akasema.

Sabra hakuondoa macho usoni mwake.

"Lakini nzuri," Masoud akasema. "Nzuri sana. Na imeniuma, Mama Bayan, wallahi imeniuma. Imeiva bila mimi."

Hata Mzee Idarusi aliweka kalamu chini.

"Imeiva," Sabra akasema, "na wewe ulikuwa hapa nyumbani kutwa nzima. Miaka thelathini na minne kila mkesha wa Iddi nakaa peke yangu na kanzu yako niliyoipiga pasi. Watu wanakula halua yako wanakusifu, mimi nakula naitikia. Mwaka huu kaa na mimi."

Sidhani kama Masoud aliwahi kujiuliza jambo hilo, na niliona linavyomwingia, likimwingia vibaya. Aliinamisha kichwa. Kisha akasema bila kukiinua:

"Bi Mwamvua. Mwiko uko nyuma ya mlango, pembeni ya kabati. Mpelekee Yazid. Nenda sasa hivi, kabla sijabadili mawazo."

Mwiko wa halua ni mrefu kuliko mimi, na mpini wake umelika pale kiganja chake kilipokuwa kikikaa. Sikusubiri hata kuvaa viatu vya kutokea. Nilisimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita. Kijana akautazama ule mwiko, akatoa mpira wa kufungia mizigo, akataka kuufunga ubavuni. Nikamkaripia, nikamwambia huu haufungwi, huu unashikwa. Nikapanda, nikaukumbatia, na mimi mtu mzima wa miaka sitini na tatu nililia barabara nzima mpaka Usagara, nikimfokea yule kijana aendeshe taratibu.